Kuingia Migodi ya Kale ya Uingereza Wakati wa Baridi: Mwongozo Kamili

Desemba, kwenye vilima vya Derbyshire, kipimajoto cha nje kinaweza kuonyesha nyuzi mbili chini ya sifuri. Ukiingia mita mia tatu ndani ya mgodi wa zamani wa madini ya risasi ulio chini ya vilima hivyohivyo, utakuta nyuzi 8 au 9 za Selsiasi. Rudi Agosti, watu wakiwa wamevaa fulana, utakuta nyuzi zilezile. Mwamba haujali mwezi. Anayekutisha kwamba ndani ya handaki kuna baridi kali zaidi wakati wa baridi hajawahi kuingia.

Majira ya baridi hubadilisha vitu vingine: mdomo wa handaki, maji yanayopita ndani, hewa unayovuta, na hali ya mwili wako ukishatoka. Ajali nyingi za msimu huu zinaeleweka ukianzia hapo, na ndiyo sababu mwongozo huu unakaa zaidi mlangoni na kwenye utabiri wa hali ya hewa kuliko kwenye habari za giza.

Nauandika kwa msomaji anayeishi Uingereza au Wales, au anayekwenda huko kwa muda, na ambaye hajawahi kuingia mgodini. Kama umewahi kushuka duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, kule Geita au Mererani nchini Tanzania, unajua mengi kuhusu matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta, na vumbi. Barafu, hata hivyo, hukukutana nayo.

Hatua ya kwanza: chagua handaki la aina gani

Chini ya Uingereza kumetobolewa kila mahali. Kuna migodi ya makaa ya mawe, ya risasi, ya bati na shaba, machimbo ya sleti ya kuezekea nyumba, mahandaki ya mifereji ya boti na ya reli. Si yote ya kuingiwa, na uamuzi wa kwanza ni kukataa.

Kataa makaa ya mawe. Mgodi wa makaa uliotelekezwa unaweza kuwa na methani, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka kwa cheche moja. Unaweza pia kuwa na hewa iliyokwisha oksijeni kabisa. Tangu mwaka 1815 wachimbaji walipopata taa ya usalama ya Humphry Davy, elimu yote ya migodi hiyo imekuwa ni kupambana na hewa yake, na ndege wadogo wa kanari waliendelea kushushwa kupima hewa hadi mwaka 1986. Wewe huna ndege wala mitambo ya kupuliza hewa. Hakuna vilabu makini vinavyoingia humo, na kuingia kwenye machimbo ya makaa yaliyofungwa bila kibali cha mamlaka inayoyasimamia hakuruhusiwi pia.

Lakini usiyakose kabisa. Big Pit, huko Blaenavon kusini mwa Wales, ulifungwa kama mgodi mwaka 1980 na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1983. Unashuka kwa kizimba takribani mita 90, ukiongozwa na mtu anayejua kazi ya mgodi. Kabla ya kushuka utaambiwa uache juu simu, saa, funguo za gari zenye betri na kiberiti, kwa sababu sheria za mgodi wa makaa bado zinatumika pale. Mtu aliyekwenda Big Pit kwanza huelewa hatari za chini kuliko aliyetazama video mia. Huo ndio ushauri wangu kwa kila anayeanza: safari ya kwanza ilipiwe, iwe na kiongozi, na iwe mahali palipokaguliwa. Llechwedd, huko Blaenau Ffestiniog, inafanya kazi hiyo kwa upande wa sleti, katika eneo lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2021. Kabla ya kusafiri, angalia kama ziara za chini zinaendelea, maana sehemu nyingi za namna hiyo hupunguza siku za kufungua wakati wa baridi.

Mahandaki ya reli yanayotumika usiyawazie. Hata lile linaloonekana limekufa, uliza kwanza. Ya mifereji ya boti nayo yana utaratibu wake: Standedge, karibu na Huddersfield, lililofunguliwa mwaka 1811 na lenye urefu unaozidi kilomita tano, ni refu kuliko mahandaki yote ya mifereji nchini humo, na haliingiwi kwa miguu, ni kwa boti pamoja na wenyeji wake, katika msimu wake.

Yanabaki mahandaki ya risasi na ya sleti, na hayo ndiyo mwongozo huu unayolenga. Kwa msimu wako wa kwanza wa baridi, tafuta handaki la mlalo, lenye njia moja ya kuingia na kutoka, lisilo na kamba wala ngazi, na linalotembelewa mara kwa mara na klabu. Safari maarufu kama ile ya kupenya kutoka Croesor hadi Rhosydd kwenye milima ya Eryri (Snowdonia), kaskazini mwa Wales, ambako unashuka kwa kamba na kuvuka maji ndani ya mashimo makubwa ya sleti, ziache. Watu wazoefu wenyewe huipangia siku nzima.

Hatua ya pili: ruhusa, na watu wa kwenda nao

Karibu kila mlango wa mgodi una mwenyewe. Mara nyingi ni mkulima ambaye kondoo wake wanalisha juu yake. Milango mingi ina lango la chuma na kufuli, na ufunguo uko kwa klabu. Sheria ya migodi ya mwaka 1954 inamtaka mmiliki azibe au azungushie uzio mgodi usiotumika, kwa hiyo lango lile halikuwekwa kukukomoa. Ukilivunja au kulipitia juu umeharibu uhusiano uliojengwa kwa miaka mingi kati ya wavumbuzi na wenye ardhi, na msimu ujao watu wote watakuta zege.

Njia ya mkato ni klabu. Chama cha British Caving Association kina orodha ya vilabu kwa mikoa, na uanachama wake huja na bima ambayo wamiliki wengi huidai kabla ya kutoa ruhusa. Vilabu vina vifaa vya kuazima kwa wageni, na muhimu zaidi vina watu wanaojua kwamba ukuta fulani umeanza kusogea tangu mwaka jana. Usiogope kuandika kuwa hujawahi kuingia. Vilabu hivi huchoka na wajuaji, hawachoki na wanaojifunza. Ukipenda kulipia, tafuta kiongozi mwenye cheti cha kuongoza kwenye mapango na migodi, na mwombe akuonyeshe.

Idadi nzuri ni watu wanne. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanatoka kutafuta msaada wakiwa pamoja. Watatu inawezekana. Wawili ni kujitafutia makuu, na kuhusu kwenda peke yako sina la kusema.

Hatua ya tatu: soma hali ya hewa kuanzia siku nne kabla

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Wanatazama utabiri wa siku ya safari peke yake. Handaki halifuati siku; linafuata juma zima. Mvua ya Jumatatu inaweza kufika chini Jumatano, ikipenya kwenye nyufa za chokaa, na theluji iliyotulia juu ya kilima ni maji yanayosubiri. Mchanganyiko mbaya kuliko yote ni huu: theluji nyingi ardhini, halafu joto linapanda ghafla na mvua juu yake. Siku hiyo usiingie handaki lolote lenye maji ya kutiririka, hata kama asubuhi kiwango chake kinaonekana cha kawaida.

Migodi ya risasi ya Derbyshire ina jambo la ziada. Wachimbaji wa zamani walichimba mifereji mirefu ya chini kwa chini ya kutoa maji mgodini na kuyapeleka mtoni. Mfereji wa Hillcarr, ulioanzishwa mwaka 1766, una urefu wa zaidi ya kilomita sita. Mifereji hiyo mingi bado inatiririka. Ikizibwa na maporomoko, maji hujikusanya nyuma ya kifusi bila wewe kujua. Mfereji wa Magpie Mine, karibu na kijiji cha Sheldon, ulikamilika mwaka 1881. Ukaporomoka ndani, na mwaka 1966 maji yaliyojikusanya yakapasua ubavu wa kilima na kutoka kwa kishindo. Watanzania wanakumbuka Mererani mwaka 2008, mvua iliponyesha usiku na maji yakaingia kwenye machimbo ya tanzanaiti na kuua makumi ya wachimbaji. Mwamba tofauti, kanuni ileile: mvua inayoua chini hunyesha juu.

Kwa hiyo, siku nne kabla, anza kuandika: mvua ilinyesha kiasi gani, kuna theluji au hakuna, joto litapanda lini. Kisha tazama mgandamizo wa hewa, yaani namba ya hektopaskali kwenye utabiri. Hili wengi hawalijui. Mgandamizo ukishuka haraka dhoruba inapokaribia, hewa mbovu iliyojificha kwenye vichochoro vilivyozibwa hutanuka na kutoka kuingia njiani unakopita. Ukipanda, hewa safi husukumwa ndani. Majira ya baridi ya Uingereza ni mfululizo wa dhoruba kutoka Atlantiki, kwa hiyo siku za mgandamizo unaoporomoka ni nyingi. Ziepuke. Siku kavu, yenye jalidi (umande ulioganda) na mgandamizo mkubwa uliotulia, ndiyo siku yako, japo vidole vitauma kwenye maegesho.

Hatua ya nne: uliza habari za popo

Kuanzia karibu Novemba hadi Machi popo wa Uingereza hulala usingizi mrefu wa baridi, na mahandaki ya kale ni vyumba vyao vya kulala. Popo akiamshwa huchoma mafuta aliyoyaweka kwa ajili ya msimu wote, na wadudu wa kula hakuna. Kuamshwa mara chache kunaweza kumuua. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inawalinda popo wote pamoja na makazi yao, na kuwasumbua kwa makusudi au kwa uzembe ni kosa la jinai.

Baadhi ya milango hufungwa msimu mzima kwa sababu hiyo. Klabu itakuambia. Mahali palipo wazi, ukimwona popo ananing'inia, usimmulike, usimpige picha ya karibu, usisimame chini yake ukapumua. Joto la pumzi ya watu wanne kwenye njia nyembamba linatosha kumwamsha. Pita kimya. Wakizidi wachache, geuza.

Hatua ya tano: vifaa

Sitaorodhesha kila kitu kinachouzwa madukani. Nguo ndizo zenye kosa la kudumu: suruali ya jinzi na sweta la pamba. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili na haikauki. Ndani vaa nguo ya kubana ya sufu au ya nyuzi za plastiki, juu yake nguo nzito ya flisi, juu kabisa ovaroli ngumu isiyopitisha upepo. Miguuni vaa gambuti zenye soli ya kushika, na soksi nene. Kama kuna maji ya magotini, soksi za neopreni. Viatu vya kupandia milima vya bei kubwa vitaharibika kwa tope, na havishindi gambuti.

Usivae kila kitu mlangoni. Nje ni sifuri, ndani ni nyuzi 9 na unatambaa na kupanda vifusi. Baada ya dakika ishirini utakuwa unatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha ukirudi nje. Ingia ukiwa unahisi baridi kidogo. Weka flisi ya ziada na kofia ya sufu kwenye mfuko usiopitisha maji, vikisubiri mapumziko.

Helmeti yenye mkanda wa kidevuni ni lazima kwa kila mtu. Taa tatu kwa kila kichwa: moja kwenye helmeti, ya pili inayoweza kufungwa kwenye helmeti pia ili mikono ibaki huru, ya tatu mfukoni. Simu si taa. Betri za kawaida za alkali hupoteza nguvu haraka kwenye baridi ukiziacha usiku kwenye buti la gari. Beba za lithiamu, au lala nazo ndani ya nyumba.

Kipimo cha gesi kinachosoma oksijeni, kaboni daioksidi, methani na salfaidi ya hidrojeni ni ghali kidogo, lakini kimoja kwa kundi kinatosha, na vilabu vingi vinacho. Kiwe kimekaguliwa karibuni. Hadithi ya kubeba mshumaa au kiberiti kupima hewa iache kwa mababu. Moto huweza kuendelea kuwaka pale ambapo kaboni daioksidi imeshakulegeza miguu, na mahali penye methani unajua kitakachotokea.

Malizia na ramani ya mgodi, filimbi, huduma ya kwanza, mfuko wa plastiki wa dharura wa kuingia mtu mzima, chakula chenye sukari, na chupa ya chai ya moto. Chai iwe na tangawizi na sukari nyingi. Waingereza watacheka mwanzoni, halafu wataomba.

Hatua ya sita: mtu wa juu

Simu haishiki mtandao chini ya ardhi. Uhai wako umeshikwa na mtu mmoja aliye nyumbani ambaye anajua mambo manne: jina la mgodi na mlango mtakaoingilia, majina ya wote mlioko, gari liko wapi, na saa ya mwisho. Saa ya mwisho si saa mnayotarajia kutoka. Mkitarajia kutoka saa tisa alasiri, saa ya mwisho iwe saa kumi na moja jioni. Ikifika bila simu yenu, anapiga 999, anaomba polisi, na anatamka maneno "cave rescue". Waokoaji wa mapango na migodi Uingereza ni watu wa kujitolea, wanakuja bure, na wanaitwa kupitia polisi. Ambulansi ikiitwa moja kwa moja itafika mlangoni na kukwama hapo.

Mwambie mtu huyo asijaribu kuwafuata ndani, na asiwaonee haya akachelewa kupiga. Sisi tuna tabia ya kusema "ngoja kidogo, watakuja tu". Kwa jambo hili asingoje.

Mwisho wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na asubuhi halitoki hadi saa mbili na robo hivi. Ingieni mapema. Kutoka handakini gizani, kwenye jalidi, kisha kutafuta njia ya kondoo kushuka hadi barabarani, ni kazi ya pili ambayo mwili uliochoka haukuipanga.

Hatua ya saba: njia ya kwenda mlangoni

Vilima vya Derbyshire vina maelfu ya mashimo ya wima yaliyochimbwa kufuata madini. Mengi yamefunikwa, lakini baadhi yalifunikwa kwa mbao ambazo zimeshaoza, na juu yake kumeota majani. Theluji inalisawazisha hilo lote likawa uwanja mweupe. Baki kwenye njia inayojulikana. Usikate katikati ya vichuguu vya mawe ya taka, kwa sababu vichuguu hivyo ndivyo vinavyozunguka mashimo.

Kuna ishara moja nzuri ya kuangalia. Mgodi wenye mlango wa chini na shimo la juu hufanya kazi kama dohani: wakati wa baridi hewa ya ndani ina joto kuliko ya nje, ni nyepesi, hupanda na kutokea juu, huku mlango wa chini ukivuta hewa ya baridi. Kwa hiyo shimo la juu hutoa mvuke, na theluji kulizunguka huyeyuka. Ukiona duara la majani mabichi katikati ya theluji, usilisogelee.

Hatua ya nane: mlango

Mvuto huohuo ndio unaofanya mlango wa chini kuwa sehemu mbaya kuliko zote. Hewa iliyo chini ya sifuri inaingia mita kadhaa, wakati mwingine makumi ya mita. Maji yanayodondoka darini huganda yakawa mikuki inayoning'inia, na sakafuni hujengeka vichuguu vya barafu laini. Wakati huohuo maji yaliyo ndani ya nyufa huganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, yakiyatenganisha mawe kidogokidogo. Maji yakiwa yameganda, barafu ndiyo inayoyashikilia mawe. Yakiyeyuka, hakuna kinachoyashikilia.

Kwa hiyo siku ya hatari zaidi mlangoni ni siku ya kwanza yenye uvuguvugu baada ya juma la jalidi, hasa mchana. Ukifika, simama mbali, zima mazungumzo, sikiliza kwa dakika chache. Mawe madogo yakidondoka, ondokeni. Tazama chini: jiwe lenye sura mpya, lisilo na ukungu wala tope, lililolala juu ya theluji, limedondoka karibuni.

Mkiridhika, vaeni helmeti kabla ya kukaribia, na mpite mmoja mmoja, haraka bila kukimbia, kila mtu akisubiri wa mbele amalize eneo la barafu. Msivunje mikuki ya barafu kwa mchezo. Mmoja ukishuka kutoka mita tatu ni rungu. Mapumziko, picha na kurekebisha mikanda ya taa vifanyike ndani kabisa, ukuta unapoacha kung'aa kwa barafu, au nje mbali. Mlangoni si mahali pa kukaa.

Hatua ya tisa: kutembea ndani

Washa kipimo cha gesi nje kwenye hewa safi, kisome oksijeni asilimia 20.9, kisha kitangulie na mtu wa mbele. Kikishuka chini ya 19.5, mnageuka wote, bila mjadala, bila "tufike pale tu". Mbao zinazooza na madini yenye salfa hula oksijeni taratibu, na kaboni daioksidi, iliyo nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mabonde na mashimo. Kipimo au hakuna kipimo, mtu akianza kuhema bila kupanda popote, kichwa kikiuma, au miguu ikiwa mizito, hiyo ni hewa. Rudini njia mliyojia.

Sakafu inastahili macho yako kuliko dari. Wachimbaji walichimba juu na chini ya njia, kisha wakatandika mbao na kumwaga kifusi juu ili toroli zipite. Miaka mia na hamsini baadaye unatembea juu ya kifusi kile ukidhani ni mwamba. Mahali panapolia tupu chini ya kisigino, au penye ncha za mbao zinazojitokeza kando, pitia pembeni kabisa mwa ukuta au usipite.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mgodini methali hiyo ichukulie kama ilivyo. Maji yaliyotulia ni maangavu kupita kiasi. Shimo la mita ishirini linaonekana kama kidimbwi cha kifundoni. Mtu wa mbele aende na fimbo na aguse kila hatua. Tope la rangi ya chungwa, ambalo ni kutu ya chuma, hufunika mengi. Ukikuta maji yamepanda kuliko alama ya tope ukutani, au yanatoka kwa msukumo kwenye kifusi kilichoziba njia, kumbuka Magpie na ugeuke.

Darini, mbao zilizokingamana mara nyingi zimebeba tani za mawe ya taka yaliyopangwa juu yake. Usizishike, usizining'inie, usizigonge kujua kama ni nzima. Ngazi za zamani usizipande. Ukiona vijiti, mikebe au waya vinavyofanana na baruti, usiguse, weka alama kwenye ramani na uwaarifu polisi ukitoka. Vilipuzi vya kale hutoa jasho la nitrogliserini na havihitaji sababu kubwa kulipuka.

Kwenye kila njia panda, geuka nyuma utazame jinsi inavyoonekana ukirudi. Kila mtu afanye hivyo, kwa sababu anayeongoza ndiye anayeweza kuumia.

Mapumziko yawe mafupi. Vaeni flisi na kofia kabla ya kuhisi baridi, kunyweni chai, nendeni. Mtu aliyetulia kimya huku wengine wanaongea, anayejikwaa, anayejibu kwa mkato au anayefungua zipu kwa shida, joto la mwili wake linashuka. Bado anatetemeka? Mvalisheni nguo kavu, mpeni kinywaji cha moto na sukari, mtoke naye taratibu. Ameacha kutetemeka na hali yake haijaboreka? Msimtembeze. Mwingizeni kwenye mfuko wa dharura juu ya kitu kinachomtenga na mwamba, mmoja akae naye akimpa joto, wawili watoke kupiga simu. Pombe asipewe hata tone.

Na kwenye migodi ya risasi, mikono michafu isiguse chakula. Tope lile lina madini yenyewe, na risasi haitoki mwilini upesi. Kula ukiwa umeshikilia karatasi ya nje, na beba vitambaa vilivyolowa vya kufutia.

Hatua ya kumi: kutoka

Geuzeni mnapotumia theluthi moja ya muda na taa, si nusu, kwa kuwa kurudi mtakuwa mmechoka. Kabla ya kufika eneo la barafu, simameni mahali salama mvae kila kitu: koti, kofia, glavu. Mkifika nje na jasho mgongoni, upepo wa kilimani utafanya kazi yake kwa dakika chache. Mlango upiteni kama mlivyoingia, na kumbukeni kuwa asubuhi palikuwa pameganda. Saa nane mchana huenda panadondoka.

Kwenye gari, badilisheni nguo zote, hata soksi, kabla ya kuanza kusimuliana. Dereva apate chai kwanza na akae dakika kadhaa hadi vidole virudi. Barabara ndogo za vilimani hazimwagiwi chumvi zote.

Kisha mpigie mtu wa juu, na uhakikishe umesikia sauti yake ikisema amepata taarifa. Ujumbe uliotumwa kwenye bonde lisilo na mtandao umewahi kuwatoa waokoaji kitandani bure. Rudisheni ufunguo siku hiyohiyo. Nguo na gambuti zioshwe nje, mbali na jiko na mbali na nguo za watoto, kwa ajili ya lile tope. Na iandikieni klabu mistari michache: maji yalifika wapi ukutani, kipimo kilisoma ngapi na wapi, kuna jiwe jipya lililoanguka au hakuna, popo mliwaona wangapi.